Ombi la Kuondolewa kwa Nyumba Namba 47

Kwako Kaka Mkubwa,
Mpima Ardhi Mstaafu,
Nyumba Namba 47.

Kaka Mheshimiwa,

Yahusu: Nyumba yako kusimama mahali ilipo

Pokea salamu zangu za kiofisi. Za kindugu nilizisitisha tangu ulipotoka sebuleni kwangu mwaka jana, kofia kichwani na kiatu kimoja mkononi, na sioni sababu ya kuzirudisha kabla suala hili halijapatiwa ufumbuzi. Nina miaka ishirini na sita katika masjala. Nimepokea malalamiko ya kila aina, nimeyagonga mihuri na kuyafungulia mafaili, na naweza kukuhakikishia kwamba hili langu limepangwa vizuri kuliko mengi yaliyopita mezani kwangu. Nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Najua mchezo unaujua, maana ubao ni wewe uliyeuchora. Lakini barua isiyojieleza yenyewe huishia kwenye faili la mtu mwingine, kwa hiyo vumilia. Ubao ni wa plaiwudi, una ramani ya mtaa wetu mzima na vituo mia moja na ishirini vyenye namba, kuanzia mashine ya kusaga hadi kituo cha mabasi. Ulitembea miezi mitatu na utepe wa kupimia shingoni ukipima kila uchochoro, shemeji akidhani umepata kazi. Njia za miguu ni nyeusi, za baiskeli ni za buluu, za basi ni nyekundu. Mtu mmoja anakuwa Mtoro. Yeye hatembezi kete yake waziwazi. Anaandika tu kwenye karatasi namba ya kituo alichoingia, na karatasi anaikumbatia kifuani. Wengine ni Wasakaji, nao wanamtafuta kwa kubahatisha na kubishana. Kila hatua ya tano Mtoro lazima ajionyeshe: anaweka kete ubaoni, watu wanaguna, kisha anatoweka tena. Akimaliza hatua ishirini bila kukamatwa, ameshinda. Na Mtoro huvaa kofia yenye ukingo mrefu, ili Wasakaji wasione macho yake yanatazama upande gani wa ramani. Hiyo kofia tutaifikia.

Wasakaji wetu nawataja kwa ajili ya kumbukumbu. Kuna Fundi, yule mama wa cherehani aliyetushonea suti zetu za harusi, ambaye kete yake ni kifungo cha koti. Kuna Breki, dereva wa gari la wagonjwa, aliyepewa jina la kitu asichokitumia. Kete yake ni plagi kuukuu ya injini. Na kuna Mwalimu, aliyefundisha hesabu mpaka hesabu zikamchoka, ambaye kete yake ni kipande cha chaki na huacha alama popote apitapo. Kete ya Mtoro ni ile timazi yako ndogo ya shaba, ya kupimia wima. Hukuichukua. Iko salama, naisugua kila Ijumaa.

Baada ya utangulizi huo, naorodhesha malalamiko.

Lalamiko la 1: Nyumba yako inanikamatisha.

Tangu uondoke, nafasi ya Mtoro tuliona niishike mimi, kwa kuwa ni ya familia. Tumecheza Jumamosi hamsini na mbili. Nimekamatwa mara hamsini, na kati ya hizo, mara arobaini na tisa nimekamatwa nikiwa namba 47, yaani kwako. Mara ya hamsini nilikamatwa namba 46, kwa jirani yako, na hiyo ni kwa sababu nilifika mlangoni kwako nikaona haya. Jumamosi mbili zilizobaki hatukumaliza: moja Breki aliitwa kazini, nyingine dari lilivuja juu ya kituo cha mabasi.

Nilijitetea kitaalamu. Nilisema namba 47 iko kwenye makutano ya njia za rangi zote tatu, na kwamba Mtoro yeyote mwenye akili timamu lazima apite pale. Mwalimu hakunibishia. Alitoka barazani, akapiga magoti, akafanya hesabu kwa chaki sakafuni kuanzia mlangoni mpaka kwenye ndoo ya maji. Jibu lake ni kwamba mtu anayetembea ovyo bila nia yoyote angefika kwako mara mbili katika michezo hamsini na mbili. Tatu, kama ni mtu wa kupotea potea. Hesabu hiyo bado ipo, na mke wangu anapodeki anaizunguka, kwa sababu Mwalimu amemwomba.

Nikajaribu mbinu. Niliipanga safari yangu yote nikiwa kazini, hatua ishirini kamili, zote upande wa juu wa ramani, mbali na wewe kuliko inavyowezekana kwa binadamu. Niliikariri ndani ya basi. Nilianza vizuri mno: hatua ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, na hata nilipojionyesha kwenye ya tano Wasakaji walibaki wakiparamiana huko chini kwa kukuzoea. Hatua ya saba nikapanda njia nyekundu, na mkono wangu wenyewe, kaka, bila kunitaka ushauri, ukaandika 47.

Siku hizi hawanisaki hata kidogo. Fundi anatua kifungo chake namba 47 kabla mchezo haujaanza, halafu anatoa suruali za watu kwenye mfuko na kuanza kuzipinda. Nikifika ananiambia karibu, bila kuinua uso. Naomba uone inavyodhalilisha, mtu mzima kukamatwa na mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Lalamiko la 2: Tuhuma ya kioo.

Hili ndilo chanzo cha yote. Jumamosi ile ulikuwa Mtoro, na ulikuwa hujakamatwa miaka minne mfululizo. Hatua ya kumi ulijionyesha karibu na kituo cha mabasi, Fundi na Breki na Mwalimu wakakimbilia huko roho juu. Mimi, kwenye hatua ya kumi na tatu, niliigeuza kete yangu, nikaenda upande mwingine kabisa wa ramani bila kusita, nikaitua juu ya namba 88, nyuma ya karakana ya baiskeli. Ulikuwepo. Ukavua kofia. Ukageuka taratibu kulitazama kabati la vyombo lililokuwa nyuma ya kiti chako, lile lenye milango ya kioo, ukasema mbele ya watu wote kwamba nimeisoma karatasi yako kwenye kioo. Nikaapa kwamba sijaona kitu. Ukasema basi niape nikikutazama. Nikasema sina haja ya kumtazama mtu anayemwita mdogo wake mwizi. Ukavaa kofia, ukatafuta viatu, ukapata kimoja, ukaondoka nacho. Cha pili kilikuwa chini ya kabati. Kipo.

Utetezi wangu ni ule ule, nami naurudia kwa maandishi. Kwanza, kioo hugeuza namba. Andika 25, au 37, au 64, kisha uzitazame kwenye kioo: hutaona namba, utaona wadudu. Karani wa masjala hasomi wadudu. Pili, vioo vya kabati lile havijawahi kuwa safi kiasi cha kuonyesha kitu. Utetezi huu wa pili mke wangu ameusikia, na umeniletea siku tatu za kula chakula kilichowekwa mezani bila neno.

Lalamiko la 3: Kofia.

Uliondoka nayo. Ni mali yako, sikatai, lakini hukuacha mbadala. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikijikinga kwa sinia, ile ya kubebea vikombe, naishika kwenye paji la uso kwa mkono wa kushoto huku nikiandika kwa wa kulia. Ikifika hatua ya nane mkono unakufa ganzi na sinia inashuka. Breki anadai kwamba hata ikiwa juu anayaona macho yangu yanavyoteremkia kona ya chini ya ramani, na kona ya chini ya ramani, kama unavyojua, ni wewe.

Fundi alinihurumia akanishonea kofia mpya yenye ukingo. Hakunipima. Alisema vipimo vyako anavyo kwenye daftari na kichwa chetu ni kimoja. Kofia iko kwenye mfuko wake wa plastiki, sijaivaa. Usiniulize kwa nini. Anayelalamika hapa ni mimi.

Lalamiko la 4: Mchezo umevuka ubao.

Mwezi uliopita Breki, akirudi kituoni kwake na gari tupu, alinikuta mara tatu katika wiki moja nimesimama kando ya nguzo ya umeme inayotazamana na geti lako. Lako la kweli, si la plaiwudi. Mara zote tatu alipunguza mwendo, jambo ambalo halijawahi kushuhudiwa, akatangaza kwa kipaza sauti cha gari la wagonjwa kwamba Mtoro amekamatwa. Watu walitoka madukani kumwona Mtoro. Nilimweleza kwamba nilikuwa nakwenda kununua balbu. Duka la balbu liko namba 12, upande wa pili wa mtaa, na Breki ramani anaijua.

Nikiwa pale kwenye nguzo nilibaini kasoro zifuatazo, ambazo ni wajibu wangu kuziripoti:

(a) Geti lako umelipaka rangi ya kijani. Ubaoni ni la kahawia. Mpima ardhi wa hadhi yako kubadilisha mtaa bila kurekebisha ramani ni uzembe, na sikuutarajia kwako.

(b) Kiti chako cha barazani kimewekewa mto. Wewe na mto wapi na wapi?

(c) Ulitoka kuanua shati kwenye kamba, na njia nzima ukawa umeshika ukuta kwa mkono mmoja.

Nilimuuliza Fundi kwa njia ya kuzunguka, nikimwulizia kwanza bei ya vifungo. Hakuzunguka. Alisema shemeji amempelekea suruali zako nne azipunguze kiuno inchi mbili, na kwamba mgongo unakusumbua tangu mvua zilizopita. Inchi mbili, kaka! Mimi nimelala nawe kitanda kimoja mpaka miguu yako ikaanza kutokeza nje, halafu habari za kiuno chako nazipata kwa mtu wa cherehani, tena kwa kipimo. Hilo limeniuma sana, naliandika hivyo hivyo bila kulipamba. Siku hiyo nilinunua balbu kweli. Sasa ninazo nane.

Lalamiko la 5: Limeondolewa baada ya mke wangu kulisoma. Lilihusu kabati.

Lalamiko la 6: Wasakaji wamegoma.

Jumamosi iliyopita nilifika namba 47 hatua ya sita. Fundi hakuniambia karibu. Alikata uzi kwa meno, akakunja suruali aliyokuwa akiipinda, akamtazama Mwalimu. Mwalimu akasimama kama alivyokuwa akisimama mbele ya darasa lililofeli, akasema kwa niaba yao wote kwamba hawatakuja tena mpaka nifike namba 47 kwa miguu yangu mwenyewe, ile yenye viatu. Wamenipa mpaka Jumamosi hii. Ikipita, ubao niutundike ukutani uwe pambo. Breki akaongeza kwamba yeye amechoka kukamata mtu anayejileta. Watu wa kujileta anawabeba wiki nzima, na wao angalau wanasema wanaumwa wapi.

Kisha kila mmoja akachukua kete yake. Kifungo kikaenda, plagi ikaenda, chaki ikaenda na kuacha alama hadi mlangoni. Imebaki timazi peke yake kwenye plaiwudi. Mke wangu ameuliza mara mbili kama auondoe ubao mezani ili watu tule, nami nimemwambia tutakula kwa kuzunguka.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo.

Kwanza, uje uifute namba 47 ubaoni. Nimejaribu mwenyewe. Nilitumia kifutio, nikatumia sabuni, nikatumia mafuta ya taa. Namba 46 imefutika, 48 imefutika, na sehemu kubwa ya zahanati, lakini 47 imekaa tu inanitazama. Wino ule sijui uliutoa wapi.

Pili, ikiwa haifutiki, basi uhame. Sikurupuki, nimelifikiria. Ukishaondoka pale, patakuwa nyumba kama nyumba nyingine, sitakuwa na sababu ya kupapitia, na nitakuwa Mtoro wa kuheshimika. Kazi ya kuhama isikutie hofu. Kitanda chako nakifahamu, nilishika upande mmoja wakati tunakiunga, kina boliti nane na moja ni mbovu. Meza itapita mlangoni ikilazwa ubavu. Vitu vizito vyote nitabeba mimi. Wewe utashika mto.

Tatu, kuhusu mahali pa kuhamia, nimeshafanya utafiti. Namba 9 iko tupu tangu yule mwuguzi aliyekuwa amepanga ahamishwe kikazi. Ina vyumba vitatu, baraza lake linapata jua la asubuhi ambalo nasikia ni zuri kwa mgongo, na haipitiwi na njia nyekundu hata moja. Utaona kwamba namba 9 inatazamana na mlango wangu, ambao ni namba 8. Hilo limetokea kwa bahati tu. Mwalimu akitaka anaweza kulipigia hesabu.

Najua utauliza: wewe ukiwa namba 9, Mtoro atakimbilia wapi? Nimelitafakari kwa siku mbili, faili la mtu mwingine likiwa wazi mbele yangu. Jibu ni kwamba hatakimbilia popote. Ataanzia namba 8, atavuka njia, ataingia namba 9, na mchezo utakwisha kwenye hatua ya kwanza. Halafu tutakunywa chai. Nakiri kwamba huo si mchezo tena, lakini utakuwa umepungua urefu, na urefu ni jambo ambalo Wasakaji wamelilalamikia.

Naomba jibu la maandishi kabla ya Jumamosi. Ukiona barua ni ndefu na macho yamechoka, jibu kifungu cha 4(c) peke yake. Ulishika ukuta kwa sababu gani?

Msalimie shemeji, mwambie sufuria yake aliyotuazima tunayo na mfuniko wake upo. Wasalimie watoto, waambie baba yao mdogo hajahama mtaa. Jirani wa namba 46 mpe salamu za pekee, na umtake radhi kwa kufutwa. Mke wangu anawasalimu nyote. Ameniagiza hivyo kwa maandishi.

Ni mimi mdogo wako, ninayeteseka kwa kufuata utaratibu,

Karani wa Masjala,
Nyumba Namba 8.

Nakala: Fundi, Breki, Mwalimu, Faili.

Nyongeza, baada ya kusaini:

Nakala zote nimezichana. Hii inakuja kwako peke yako.

Kioo kilikuwa safi. Mke wangu alikifuta asubuhi ile kwa sababu wewe ulikuwa unakuja, na kwa hiyo nimemkosea na yeye. Ni kweli kwamba kioo hugeuza namba. Nilikwisha kuziona kumi na mbili juu ya bega lako, zote wadudu watupu, sikuambulia hata moja. Halafu ukaandika 88, na 88 hata ukiigeuza inabaki 88. Sikuitafuta, ilinijia yenyewe machoni. Lakini ningeweza kuinamisha uso, nami sikuinamisha. Tangu utotoni tukicheza kujificha hukuwahi kupatikana. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka nyumba mpaka naanza kulia, na nikilia ndipo unatoka. Nilitaka mara moja tu nikupate mwenyewe. Nilikupata, na tangu siku hiyo sina kaka. Niliapa uongo mbele ya watu. Nisamehe.

Usihame. Namba 47 iache ilipo.

Jumamosi hii Mtoro anaanzia namba 8, saa nane mchana, kwa njia nyeusi. Hatua ya kwanza, 15. Ya pili, 22. Ya tatu, 31. Ya nne, 39, pale kwenye nguzo. Ya tano, 47, na kwenye hatua ya tano Mtoro lazima ajionyeshe. Sinia nitaiacha nyumbani. Mkononi nitakuwa na kiatu chako.